Jinsi ya kuijua Côtes du Rhône nyekundu: zabibu zilizomo, zinatoka wapi, na namna ya kuinywa vizuri hapa Kampala

Ukisimama mbele ya shelfu la waini kwenye supamaketi yoyote hapa Kampala utaona nyingi ni za Afrika Kusini, zimeandikwa jina la zabibu kubwa kabisa mbele, Shiraz, Merlot, Pinotage, mtu anachukua anaondoka. Si vibaya, kuna nzuri sana humo. Lakini pembeni huwa kuna chupa moja mbili za Ufaransa zimeandikwa Côtes du Rhône, hazisemi ni zabibu gani, lebo ina maandishi mengi ya Kifaransa na picha ya nyumba, watu wanaipita tu. Hiyo ndo ninayotaka tuielewe leo, manake kwa maoni yangu katika waini zote nyekundu za Ufaransa hakuna inayoelewana na chakula chetu kama hiyo, na ukishajua kila zabibu iliyomo imewekwa kufanya kazi gani utaanza kuisikia mdomoni yenyewe bila kuambiwa na mtu. (Wale ambao dini yao imekataza pombe nawaheshimu, hii haiwahusu.)

Tuanze na kwao. Rhône ni mto. Unaanzia kwenye barafu za milima ya Alps kule Uswisi, unaingia ziwa Geneva unatokea upande wa pili, unafika mji wa Lyon ndani ya Ufaransa alafu unakata kusini moja kwa moja mpaka bahari ya Mediterania, jumla kama kilomita 812. Mashamba ya mizabibu yanaanza kusini kidogo ya Lyon, pale Vienne, yanashuka na mto hadi kuuzunguka mji wa Avignon. Na hapa kuna jambo ambalo ukilishika umeshapiga hatua kubwa: bonde hilo lina sehemu mbili ambazo hazifanani kabisa. Kaskazini ni vilima vikali vya mawe ya graniti, watu wanalima kwenye matuta, na zabibu nyekundu inayoruhusiwa kule ni moja tu, Syrah. Waini za kule ni kama Côte-Rôtie, Hermitage, Cornas, ni chache na bei yake inaumiza. Kusini bonde linafunguka, joto linapanda, ardhi inakuwa pana, na huko ndo wanapochanganya zabibu. Ile Côtes du Rhône ya bei ya kawaida unayoikuta dukani karibu yote inatoka huko kusini.

Sasa mbona wanachanganya? Watu wengi wanadhani kuchanganya ni ujanja wa kumaliza mabaki, yani zabibu nzuri inauzwa peke yake na mbaya zinapigwa pamoja. Hapana kabisa. Kusini ya Rhône wanachanganya kwa sababu ya jua na upepo. Kule kuna upepo unaitwa Mistral, unatoka kaskazini, baridi na mkavu, unapita humo bondeni kwa nguvu na ukikasirika unafika kilomita 90 na zaidi kwa saa. Uzuri wake ni kwamba unakausha majani na vichala baada ya mvua kwa hiyo ukungu na kuoza vinapungua, ubaya wake unavunja matawi. Kwa hiyo mkulima wa kule anahitaji mmea unaosimama imara, na huo ni Grenache, unakatwa uwe kichaka kifupi kisicho na waya wala nguzo na Mistral inapita juu yake bila shida. Syrah matawi yake ni dhaifu, kule kusini lazima ifungwe kwenye waya. Mourvèdre inachelewa kuiva kuliko zote, isipopata joto la kutosha haiivi kabisa, ndo maana kaskazini huikuti. Kila moja ina kitu inakosa, na mwenzake anacho.

Hizo tatu, Grenache, Syrah na Mourvèdre, ndo kiini, watu wa waini wanaziita kwa herufi tu, GSM. Nizieleze moja moja, na hapa usiruke.

Grenache ndo mwenye nyumba, mara nyingi inachukua nusu au zaidi ya chupa. Asili yake si Ufaransa, inaaminika ni Aragon huko Hispania ambako wanaiita Garnacha, ingawa watu wa kisiwa cha Sardinia nao wanadai ni yao. Ganda lake jembamba, kwa hiyo rangi yake hafifu, ukiishika glasi kwenye mwanga unaona vidole vyako upande wa pili. Inapenda jua na inajaza sukari nyingi, na sukari ndo inageuka kilevi, ndo sababu waini hizi zinafika asilimia 14, 14.5, hata 15 bila mtu kuongeza kitu. Mdomoni ni laini, ina stroberi iliyoiva kupita kiasi, rasiberi, kidogo pilipili nyeupe, na ule mnuko wa majani makavu ya milimani. Kasoro yake inachoka haraka, hewa ikiigusa sana inapoteza matunda na rangi inakimbilia kahawia. Alafu maua yake yanapukutika kirahisi hali ya hewa ikiwa mbaya mwanzoni mwa msimu, mwaka 2013 kwa mfano wakulima wengi wa kusini ya Rhône walipoteza sehemu kubwa ya Grenache yao hivyo hivyo. Mwaka kama huo mwenye zabibu nyingine shambani ndo anapona.

Syrah ndo inayoleta rangi na pilipili. Zamani kulikuwa na hadithi kwamba ililetwa kutoka mji wa Shiraz huko Uajemi na mpiganaji aliyerudi vitani, hadithi tamu, lakini mwaka 1998 watafiti wa chuo cha Davis California pamoja na wenzao wa Montpellier walipima vinasaba wakakuta wazazi wake wote ni wa Ufaransa, baba anaitwa Dureza wa upande wa Ardèche, mama ni Mondeuse Blanche wa Savoie. Kwa hiyo Syrah ni mtoto wa Rhône hasa. Na ile Shiraz ya Afrika Kusini na Australia ni zabibu hiyo hiyo, kwa hiyo kama umeshakunywa Shiraz tayari unamjua mmoja wa hawa watatu. Ladha yake ni matunda meusi, hapa kwetu fikiria zambarau, ile jambula inayotia ulimi rangi, alafu zeituni nyeusi, nyama iliyokaushwa kwa moshi, na pilipili manga. Hiyo pilipili manga si maneno ya kupamba, mwaka 2008 wataalamu wa Australia walionyesha kwamba ndani ya zabibu za Syrah kuna kemikali inaitwa rotundone, na ndo hiyo hiyo inayoipa pilipili manga yenyewe harufu yake. Kaskazini kwenye baridi inatoka nyingi, kusini kwenye joto inapungua na matunda yanazidi.

Mourvèdre inakuja mwisho na ni kidogo, mara nyingi asilimia 5 mpaka 15 tu, lakini usiidharau. Nayo ni ya Hispania, huko wanaiita Monastrell na inajaa sana upande wa Jumilla. Ganda lake nene, ina tanini nyingi, yani ule ukavu unaokamata fizi na ulimi kama umekunywa chai ya rangi iliyochemshwa ikapitiliza. Harufu yake ni ya ardhi, ngozi, nyama mbichi, wengine wanasema ya porini. Ikiwa changa inaweza kukunuka vibaya ukifungua, kama yai au kiberiti kilichowashwa, usiirudishe dukani, imimine kwenye jagi isubiri nusu saa hiyo harufu itaondoka yenyewe. Kazi yake kwenye mchanganyiko ni kuishikilia Grenache isizeeke mapema, manake yenyewe haikubali hewa kirahisi. Kule Ufaransa ukitaka kuionja ikiwa inaongoza unaenda Bandol, pwani ya Provence.

Kuna na wengine wadogo, Cinsault inayoongeza wepesi na harufu ya maua, Carignan yenye uchachu, Counoise na kadhalika. Sitawakalia.

Kazi ya kuchanganya yenyewe inaenda hivi. Syrah inaiva kwanza, Grenache inafuata, Mourvèdre mwisho kabisa, kwa hiyo wengi wanavuna kila moja kwa wakati wake wanachachusha mbali mbali. Grenache wanapenda kuiweka kwenye matangi ya saruji au mapipa makubwa ya zamani ili hewa isiifikie sana, Syrah na Mourvèdre zinavumilia mapipa madogo ya mwaloni. Baadaye, baridi ikishaingia au hata mwaka unaofuata, mtengenezaji anakaa na vichupa mezani anapima, kidogo hapa kidogo pale, mpaka apate anachotaka. Wengine wanavuna kwa pamoja na kuchachusha kwa pamoja, wanasema zabibu zikilelewa chombo kimoja zinaungana zaidi. Mimi naona njia zote mbili zinatoa waini nzuri.

Historia nitaigusa kwa sababu utaikuta kwenye lebo. Kati ya 1309 na 1377 mapapa hawakukaa Roma, walikaa Avignon, na papa Yohane XXII alijenga ngome yake kwenye kijiji cha jirani ambacho leo kinaitwa Châteauneuf-du-Pape. Ndo maana chupa za kule nyingi zina funguo za papa na kofia yake zimechongwa kwenye kioo, pitisha kidole utazisikia. Mwaka 1737 mfalme wa Ufaransa aliamuru kila pipa linalopakiwa bandari ya Roquemaure lichomwe herufi C.D.R. ili waini ya mahali pengine isiuzwe kwa jina la Rhône. Kumbe feki zilikuwepo hata enzi hizo. Na ajabu ni kwamba upande huo huo wa Roquemaure, miaka ya 1860, ndipo Ufaransa ilipoona kwanza kadudu kanaitwa filoksera kaliotoka Marekani, kanakula mizizi, kakamaliza mizabibu karibu nchi nzima mpaka walipogundua kupandikiza mizabibu yao juu ya mizizi ya Kimarekani ambayo hakaiwezi. Hadi leo mizabibu mingi ya Rhône imesimama juu ya mizizi hiyo.

Baada ya hapo waini ya uongo ilizagaa tena, na mwanasheria mmoja aliyekuwa rubani wa vita ya kwanza ya dunia, Baron Pierre Le Roy, akawaongoza wakulima wa Châteauneuf-du-Pape kuanzia 1923 kujiwekea sheria: mipaka ya ardhi, aina za zabibu, kiwango cha kilevi. Sheria hizo ndo zilizosaidia kuzaa mfumo mzima wa Ufaransa, chombo cha taifa kikaundwa 1935, Châteauneuf-du-Pape ikatambuliwa 1936 na Côtes du Rhône 1937. Kwa hiyo lile neno Appellation unaloliona kwenye lebo si pambo, ni ahadi ya kisheria kwamba zabibu zimetoka hapo na zimefuata masharti ya hapo. Na usidhani mizabibu ilikuwa imejaa kila mahali kule tangu zamani, baridi kali ya Februari 1956 iliua mizeituni mingi sana ya bonde hilo, mizabibu ikavumilia, na wakulima wengi wakaingia kwenye zabibu moja kwa moja.

Haya, sasa uko dukani. Ukikuta Côtes du Rhône tupu, hiyo ni ngazi ya kwanza, inaweza kutoka popote kwenye eneo zima, ni ya kunywa ikiwa bado changa, tafuta ambayo mwaka wake haujapita mitatu minne hivi. Ukikuta Côtes du Rhône Villages, masharti yamekazwa, zabibu zimetoka kwenye vijiji vilivyochaguliwa na mara nyingine jina la kijiji linaongezwa hapo hapo, nzito kidogo na bei inapanda kidogo, na hapa ndipo ninapoona pesa yako inafanya kazi zaidi kuliko ngazi zote. Juu yake kuna vijiji vilivyopanda mpaka vikaruhusiwa kusimama kwa jina lao peke yao, Gigondas tangu 1971, Vacqueyras 1990, Cairanne 2016, na wengine kama Rasteau na Lirac, na hapa watu wanapotea manake jina la kijiji ndo limeandikwa kubwa na neno Rhône unaweza usilione vizuri. Mtu anaiona Vacqueyras anadhani ni kitu kingine. Ni damu ile ile.

Châteauneuf-du-Pape ndo kilele cha kusini na wanaruhusiwa zabibu 13, au 18 ukihesabu kila rangi kivyake. Hakuna sheria inayosema lazima uweke ngapi, kwa hiyo shamba la Château Rayas wanatumia Grenache tupu kwenye mchanga, na shamba la Château de Beaucastel wanalima zote 13 na Mourvèdre yao ni nyingi kuliko kawaida. Zote mbili zinaitwa jina moja na hazifanani hata kidogo. Yale mawe ya mviringo maarufu ya kule, makubwa kama kichwa cha mtoto, yaliletwa na mto enzi za zamani sana kutoka milimani, mchana yanakunywa jua usiku yanatoa joto taratibu na zabibu inaendelea kuiva jua likishazama. Lakini si kila shamba lina mawe, kuna mchanga, kuna udongo mwekundu, na penye mchanga waini inatoka laini na yenye harufu nzuri zaidi kuliko nguvu.

Angalia pia nyuma ya chupa. Zikiandikwa "mis en bouteille au domaine" au "mis en bouteille au château" maana yake mkulima ameijaza mwenyewe pale pale. Wengi nyuma wanaandika na zabibu kwa asilimia, soma hapo kwanza: Grenache ikizidi sana tegemea laini na joto, Syrah ikikaribia nusu tegemea giza na pilipili. Ukiona Pays d'Oc hiyo si Rhône, ni Languedoc upande wa magharibi, inaweza kuwa na zabibu hizi hizi lakini ni ukoo mwingine.

Jambo la muhimu sana kwetu ni safari ya hiyo chupa. Mzigo mwingi unaokuja Uganda unashukia Mombasa alafu unapanda lori hadi Malaba au Busia, kontena ikikaa juani siku kadhaa waini inaiva kama mchuzi. Kwa hiyo ishike chupa uitazame shingoni. Kizibo kimesukumwa juu mpaka kimeinua karatasi? Kuna alama ya kunata iliyotiririka? Kiwango cha waini kimeshuka chini ya pale shingo inapoanza? Iache. Ile iliyosimama dirishani inapigwa na jua kila mchana nayo iache hata kama ina punguzo, muulize muuzaji kwa upole, ssebo kuna nyingine ndani stoo? Mara nyingi ipo.

Sasa kuinywa, na hapa ndo watu wengi wanaiharibu. Ule ushauri kwamba waini nyekundu inywewe kwa joto la nyumbani ulitoka kwenye nyumba za Ulaya zenye baridi, huko nyumbani maana yake nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Kampala mchana ni 25 na zaidi, na kwa joto hilo Grenache yenye kilevi cha 14.5 inakupiga puani kama waragi, matunda yote yanapotea unabaki na moto, alafu mtu anasema waini ya Kifaransa kali siitaki. Haikuwa kali, ilikuwa ya moto. Iweke kwenye friji dakika 30 kabla ya kufungua, ukiwa Gulu au Nimule kwa wale wa mpakani weka hata 45. Ukiishika chupa iwe baridi kidogo tu, isitoke jasho. Usiweke barafu ndani ya glasi tafadhali, inazimua. Na kama ilikaa usiku kucha friji itoe isubiri, baridi kali inafunga harufu na tanini inakuwa ngumu.

Glasi iwe na tumbo na mdomo ulioingia ndani, usijaze, theluthi tu inatosha ili uizungushe. Kwanza inamishe juu ya karatasi nyeupe uone rangi: pembeni ikiwa nyekundu hafifu au ya matofali ni Grenache inayozungumza, ikiwa zambarau nzito mpaka katikati huoni kitu ni Syrah. Nusa kabla ya kuzungusha, zungusha, nusa tena, utaona ya pili ina kitu kilichokuwa kimejificha. Alafu kunywa funda ulishike mdomoni sekunde kadhaa usilimeze kama bia. Utamu wa matunda unaokuja mwanzo ncha ya ulimi ni Grenache, katikati ile giza na pilipili ni Syrah, na ule mkamato kwenye fizi unaobaki ukishameza ni tanini za Syrah na Mourvèdre kwa pamoja. Hesabu inabaki muda gani. Ya kawaida inapotea haraka, nzuri inakufuata mpaka unaanza sentensi nyingine.

Ukitaka kuelewa kweli kweli fanya hili zoezi na marafiki wanne watano mchange. Nunueni Shiraz moja ya Afrika Kusini, hiyo haina shida kupatikana, na Garnacha ya Hispania, na Monastrell ya Jumilla mkibahatika. Nendeni famasi mkanunue bomba la sindano kubwa, bila sindano yenyewe, lile lenye mistari ya mililita, lioshe kwa maji ya moto. Onjeni kila zabibu peke yake kwanza na kila mtu aandike. Alafu pimeni mililita 60 za Garnacha, 30 za Shiraz, mwache ile ya tatu kwanza. Onjeni. Sasa ongezeni 10 za Monastrell tu, koroga, onjeni tena. Hapo ndo utaona kitu, kale kadogo kanaivuta waini nzima iwe ndefu, matunda yanashuka kidogo, mwisho unakauka na unatamani kutafuna nyama. Alafu geuzeni, Shiraz 60 Garnacha 30 na ile 10, mumpe mtu aliyekuwa jikoni bila kumwambia aseme ipi ni ipi. Mkikosa Monastrell fanyeni mbili tu, 65 kwa 35, bado mtajifunza mengi. Haitakuwa Côtes du Rhône maana zabibu zimetoka nchi nyingine, ila ulimi utakuwa umepata dira, na chupa halisi mkiifungua baada ya hapo mtaisoma.

Chakula. Pilau ya nyama ndo chaguo langu la kwanza, manake karafuu, mdalasini na pilipili manga za kwenye pilau zinakutana na zile zilizomo kwenye glasi, sijaona waini nyekundu nyingine inayokaa na pilau hivyo. Mbuzi wa muchomo naye anapendeza sana, mafuta na moshi vinailainisha tanini, ila punguza pilipili mbichi na ndimu kwenye kachumbari kwa sababu pilipili kali inafanya kilevi kiwake na ndimu nyingi inaifanya waini ionekane butu. Luwombo ya ng'ombe iliyofukizwa kwenye jani la ndizi inaiva na ile harufu ya majani na moshi, hapo weka Villages au Gigondas kama una mgeni wa heshima. Luwombo ya mchuzi wa karanga chagua yenye Grenache nyingi, karanga ni nzito na tamu zinataka kitu laini. Matoke yenyewe hayana ugomvi na mtu. Ngege wa kukaanga mimi simshauri, tanini na samaki vinaacha ladha ya chuma mdomoni, kama ni lazima basi chagua nyepesi uipoze zaidi. Na gonja tamu usiile nayo, sukari itaifanya waini iwe chachu.

Ukibakisha usiiache mezani na kizibo kimeegeshwa. Grenache haina subira na hewa, kesho yake jioni itakuwa imechoka. Tafuta kichupa kidogo cha plastiki cha maji, safi kisicho na harufu, kijaze mpaka juu kabisa hewa isipate nafasi, funga, weka friji, utakunywa siku mbili tatu ikiwa bado ina uhai, ila itoe robo saa kabla. Ikishapoteza matunda lakini haijawa siki itie kwenye mchuzi wa nyama mwanzoni, baada ya kitunguu na kabla ya nyanya, iache ichemke bila mfuniko mpaka harufu ya pombe iishe ndo uendelee.